Maneno ya Boksi na Hesabu ya Mita: Kuhusu Vifaa Vinavyotangazwa Kuwa Vinaokoa Umeme

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya mikutano ya wananchi katika kata za Wilaya ya Maswa



Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika miaka ya karibuni nguzo za umeme zimesogea kutoka Nyalikungu na Malampaka hadi vijiji ambavyo zamani vilitegemea kibatari na tochi. Pamoja na nguzo hizo vimekuja vifaa: friji, feni, pasi, majiko, hita za maji, sabufa na taa za kila namna. Mabokisi ya vifaa hivyo hutofautiana kwa rangi na picha, lakini mengi yana ahadi moja: kifaa hiki kinaokoa umeme. Moja huandikwa asilimia 30, jingine 50, jingine 70. Msimu wa pamba unapofunguliwa na fedha ikaingia mkononi mwa mkulima, ndipo ahadi hizo husikika kwa sauti kubwa zaidi minadani na madukani.

Baadhi ya ahadi hizo ni za kweli. Nyingine zina ukweli nusu, na nyingine ni uongo mtupu. Mada hii inaonesha namna mwananchi anavyoweza kuzitenganisha kwa hesabu ya shule ya msingi na kwa mita ya LUKU iliyoko ukutani mwake.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Bei ya umeme wa majumbani ina mpaka ambao kila kaya inapaswa kuufahamu. Kwa agizo la bei lililotolewa na EWURA mwaka 2016, mteja wa nyumbani aliye katika kundi la D1, yaani mwenye matumizi madogo, hulipa shilingi 100 kwa uniti moja, kabla ya kodi na tozo, mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi 75 hutozwa shilingi 350. Kaya ambayo matumizi yake yanaendelea kuzidi kiwango hicho huhamishiwa kundi la T1, ambako kila uniti, kuanzia ya kwanza, ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo.

Uniti 75 kwa mwezi ni sawa na uniti mbili na nusu kwa siku. Hicho ndicho kipimo cha kaya ya kipato cha chini, na ni chembamba. Kifaa kimoja kilichonunuliwa kwa kuamini maneno ya boksi kinaweza kuivusha kaya upande wa pili wa mpaka.

Uchukuliwe mfano wa kaya moja ya kawaida. Ina taa nne za LED za wati 9, zinazowaka saa tano kila usiku. Hizo hutumia uniti tano na kidogo kwa mwezi. Ina televisheni ya wati 60 inayowashwa saa tano kwa siku, uniti 9. Ina feni ya wati 50 inayozunguka saa nane, uniti 12. Ina pasi ya wati 1,000 inayotumika jumla ya saa tatu kwa wiki. Takribani uniti 12. Jumla ni kama uniti 38. Kaya hiyo iko salama.

Sasa kaya hiyo inanunua friji. Muuzaji anasema friji hiyo hutumia uniti moja tu kwa siku. Ikiwa ni kweli, jumla ya mwezi itakuwa uniti 68, na gharama kabla ya kodi itakuwa shilingi 6,800. Ikiwa friji hiyo, kwa uchakavu wake au kwa joto la chumba, hutumia uniti moja na nusu kwa siku, jumla itakuwa uniti 83. Uniti 75 za kwanza ni shilingi 7,500 na nane za ziada ni shilingi 2,800. Jumla shilingi 10,300. Kaya ikihamishiwa T1 kwa sababu ya matumizi hayohayo, gharama itakuwa shilingi 24,236.

Tofauti kati ya maneno ya muuzaji na ukweli ilikuwa nusu uniti kwa siku. Gharama yake kwa kaya ni zaidi ya shilingi 17,000 kila mwezi, na mwezi baada ya mwezi. Fedha hiyo ingetosha kununua madaftari ya watoto au dawa ya kunyunyizia pamba.

Uniti ni nini

Uniti inayonunuliwa kwa LUKU ni kilowati-saa moja, yaani umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi kwa saa moja. Hesabu yake ni fupi: wati za kifaa zizidishwe kwa saa za matumizi, kisha jibu ligawanywe kwa 1,000.

Wati za kifaa huandikwa kwenye kibandiko kilichopo nyuma au chini ya kifaa chenyewe. Kibandiko hicho ndicho cha kusoma. Maandishi makubwa ya mbele ya boksi yaliandikwa ili kuuza, na tofauti hiyo inaonekana vizuri kwenye sabufa. Boksi la sabufa linaweza kuandikwa wati elfu kadhaa zikifuatiwa na herufi PMPO, wakati kibandiko cha nyuma kinaonesha kuwa kifaa huvuta wati chache tu. PMPO ni namba ya kibiashara kuhusu kishindo cha sauti cha muda mfupi mno. Haielezi umeme unaotumika. Ikiwa namba ya boksi inaweza kutiwa chumvi ili kifaa kionekane kina nguvu, inaweza pia kutiwa chumvi ili kifaa kionekane kinatumia umeme kidogo.

Kiboksi cha kupunguza umeme

Ahadi kubwa kuliko zote imebebwa na kifaa kidogo kuliko vyote. Ni kiboksi cha plastiki, chenye taa ndogo ya kijani, kinachochomekwa kwenye soketi. Wanaokiuza husema kuwa kikikaa hapo, matumizi ya nyumba nzima hushuka kwa asilimia 30, 40 au hata 50. Huuzwa Afrika Mashariki na duniani kote chini ya majina mengi.

Ndani ya viboksi vya aina hii, kwa kawaida, huwamo kapasita ndogo na taa ya kiashiria. Kapasita ina kazi yake ya kweli. Vifaa vyenye mota, kama friji na feni, huvuta mkondo wa ziada ambao huenda na kurudi kwenye waya bila kufanya kazi yoyote. Kapasita hupunguza mkondo huo. Kwa mteja mkubwa wa kundi la T2 au T3, mfano kiwanda chenye mashine nzito, jambo hilo lina faida, kwa sababu wateja hao hulipia pia kiwango cha juu cha mzigo wanaouvuta kwenye gridi. Mteja wa D1 au T1 hatozwi malipo hayo. Mita yake huhesabu umeme uliofanya kazi tu, na huo haupunguzwi na kapasita. Mwaka 2009 taasisi ya taifa ya viwango ya Marekani ilichapisha maelezo ya kitaalamu yenye hitimisho hilohilo: kwa mteja wa nyumbani, vifaa hivyo havipunguzi malipo.

Hapo ndipo hila ya maonesho inapoingia. Muuzaji huwasha mota ndogo, huzungusha kipima mkondo kwenye waya, kisha huchomeka kiboksi. Namba ya mkondo hushuka mbele ya macho ya watu, nao hushangilia. Namba hiyo ni ya kweli, lakini ni ya ampia. LUKU haiuzi ampia, inauza uniti.

Wapo wananchi waliokinunua kiboksi hicho na wakaapa kwamba uniti zao ziliongezeka. Maelezo yake mara nyingi yapo kwenye risiti. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inayotozwa kodi hiyo hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Mteja wa T1 anayenunua umeme wa shilingi 10,000 mwanzoni mwa mwezi, kodi hiyo ikikatwa, hupata takribani uniti 24 pale VAT inapokuwa asilimia 18. Akinunua tena kwa kiasi hichohicho ndani ya mwezi uleule, hupata takribani uniti 28, kwa kuwa kodi ya majengo imekwishalipwa. Ikiwa katikati ya manunuzi hayo mawili alichomeka kiboksi, atakipa sifa isiyo yake. Anayetaka kujua ukweli asilinganishe fedha na uniti alizopewa. Alinganishe uniti zilizotumika kwa siku, kabla na baada.

Kundi moja na viboksi hivyo ni madai kwamba kifaa cha kulinda friji au stabilaiza huokoa umeme. Vifaa hivyo vina manufaa pale umeme unapopanda na kushuka, kwa kuwa hukinga friji au televisheni isiungue. Hiyo ndiyo kazi yake. Havipunguzi uniti, navyo vyenyewe hutumia umeme kidogo.

Hita na majiko

Kwa upande wa kupasha maji, maumbile yenyewe yameweka bei. Kupasha maji lita 20, yaani ndoo moja ya kuoga, kutoka joto la nyuzi 22 hadi nyuzi 45, kunahitaji zaidi ya nusu uniti ya umeme. Hakuna hita, iwe ya bei nafuu au ya gharama kubwa, inayoweza kukwepa hesabu hiyo. Hita ya wati 1,000 itachukua zaidi ya nusu saa. Hita ya wati 500 itachukua zaidi ya saa moja, na kwa kuwa maji hupoteza joto yakisubiri, itatumia umeme mwingi kidogo kuliko ile kubwa. Kwa hiyo tangazo linalosema hita fulani inaokoa umeme kwa sababu wati zake ni chache limeficha nusu ya hesabu, yaani saa. Anayetaka kupunguza gharama ya maji ya kuoga apashe maji machache zaidi, au aanike ndoo yenye mfuniko juani tangu asubuhi. Jua la Simiyu halina mita.

Jiko la presha la umeme ni mfano wa ahadi yenye ukweli ndani yake. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024 na Rais Samia Suluhu Hassan, umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na majiko ya umeme ni sehemu ya safari hiyo. Jiko la presha lina kuta zinazohifadhi joto, na likishapata presha hujizima na kujiwasha lenyewe. Ingawa limeandikwa wati 1,000, halivuti wati hizo muda wote. Kwa makande, maharage na nyama ngumu, ambavyo huchukua saa nyingi juu ya mkaa, jiko hilo hupika kwa umeme ambao mara nyingi haufiki uniti moja.

Ukweli huo una mipaka ambayo matangazo huinyamazia. Faida ya presha ipo mfuniko ukiwa umefungwa. Ugali husongwa mfuniko ukiwa wazi, na chapati hupikwa juu ya kikaango. Kwa mapishi hayo, asilimia zilizoandikwa kwenye boksi hazitumiki. Kaya inayokula makande na choroko mara nyingi itaona nafuu kubwa. Kaya ambayo chakula chake kikuu ni ugali kila mlo itaona nafuu ndogo zaidi. Muuzaji mwaminifu atasema hivyo. Tangazo lisilotaja chakula chochote limesema nusu ya habari.

Taa

Taa ya LED ni kifaa ambacho kweli kimeshusha matumizi ya umeme duniani. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa mwanga kidogo na joto jingi. Taa ya LED ya wati 8 hadi 10 hutoa mwanga unaokaribiana nao. Mwanga hupimwa kwa lumeni, na balbu ile ya zamani ilitoa takribani lumeni 800.

Taa nyingi za LED za kawaida hutoa lumeni 80 hadi 110 kwa kila wati moja. Kwa kipimo hicho, taa ya wati 5 hutoa lumeni 400 hadi 550. Boksi la taa ya wati 5 linapodai kwamba mwanga wake ni sawa na wa balbu ya wati 60, mnunuzi ana haki ya kuuliza lumeni ziko wapi. Boksi lisilotaja lumeni halijataja kile kinachouzwa. Hasara ya taa hafifu huonekana baadaye: mtoto anashindwa kusoma, mzazi anaongeza taa ya pili na ya tatu, na akiba iliyoahidiwa inapotea.

Kwa vijiji vinavyotumia taa za jua hali ni hiyohiyo. Benki ya Dunia na IFC, kupitia mpango wa Lighting Africa ulioanza kwa majaribio nchini Kenya na Ghana mwaka 2009, ziliweka viwango vya ubora wa taa hizo, na moja ya masharti ni kwamba kilichoandikwa kwenye boksi kiwe cha kweli: mwanga, muda wa kuwaka na uwezo wa betri. Sharti hilo liliwekwa kwa sababu soko lilikuwa limejaa taa zilizoahidi saa nyingi na kuzima kabla ya chakula cha usiku.

Friji, herufi na nyota

Friji hufanya kazi usiku na mchana, ndiyo maana kosa la kuichagua hulipiwa kila siku. Friji nyingi huja na vibandiko vya nchi za nje, na kila nchi ina lugha yake. Ulaya hutumia herufi. Hadi mwaka 2021 daraja la juu kabisa liliandikwa A+++, na friji nyingi zilijaa katika madaraja ya juu kiasi kwamba herufi hiyo ilipoteza maana. Kuanzia tarehe 1 Machi 2021 alama za kujumlisha zilifutwa na kipimo kikawa A hadi G, na friji zilizokuwa A+++ zikashuka madaraja kadhaa bila kubadilika chochote ndani yake. Anayeoneshwa leo kibandiko cha A+ kwenye friji iliyotumika anaoneshwa kipimo kilichokwisha kufutwa. Kwa mpangilio wa zamani, A+ ilikuwa daraja la tatu kutoka juu.

Kenya hutumia nyota moja hadi tano, kwa kanuni za mwaka 2016. Nchi nyingine zina nyota zaidi. Nyota tano za nchi moja si sawa na nyota tano za nchi nyingine, na nyota zilizochapishwa na mtengenezaji kwa hiari yake hazina maana yoyote.

Namba moja tu kwenye vibandiko hivyo husomeka kwa namna moja popote: kilowati-saa kwa mwaka. Ikigawanywa kwa 365, huonesha uniti kwa siku. Friji iliyoandikwa 365 hutumia uniti moja kwa siku katika vipimo vya maabara. Neno maabara lizingatiwe. Vipimo vya zamani vya Ulaya vilifanyika katika chumba chenye nyuzi joto 25. Friji iliyowekwa jikoni Maswa mwezi Oktoba, ikiwa imebanwa ukutani na mpira wa mlango umelegea, itazidi namba hiyo.

Alama zinazochanganywa

Kuna alama mbili ambazo wauzaji huzionesha kama ushahidi wa kuokoa umeme. Ya kwanza ni alama ya ubora ya TBS. Alama hiyo ni muhimu, na inaeleza kuwa bidhaa imekidhi kiwango kinachohusika. Haiwi cheti cha asilimia zozote alizozitaja muuzaji. Ya pili ni herufi CE. Hizo hubandikwa na mtengenezaji mwenyewe kutangaza kuwa bidhaa inafuata masharti ya soko la Ulaya. Si tuzo ya kutumia umeme kidogo.

Hata alama za heshima kubwa zimewahi kudanganywa. Mwaka 2010 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilijaribu alama ya nchi hiyo ya vifaa vinavyookoa nishati kwa kupeleka maombi ya bidhaa 20 za kubuni. Bidhaa 15 zilipewa alama, ikiwamo saa ya kuamshia iliyodaiwa kuendeshwa kwa petroli. Mwaka huohuo nchini Australia, jarida la watetezi wa walaji liligundua kuwa friji mbili za kampuni ya LG zilikuwa na mfumo uliotambua mazingira ya chumba cha majaribio na kupunguza matumizi hapo. Tume ya ushindani na walaji ya nchi hiyo iliingilia kati na kampuni ikakubali kuwafidia wanunuzi.

Visa hivyo viligunduliwa katika nchi zenye maabara nyingi. Kilichofichua ukweli kila mara kilikuwa ni mtu aliyeamua kupima upya badala ya kusoma boksi.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, ikiwa ni pamoja na kutoa maelezo ya uongo kuhusu kiwango, ubora, utendaji au manufaa ya bidhaa. Anayeisimamia ni Tume ya Ushindani, FCC. Kwa hiyo muuzaji anayeahidi asilimia 50 bila msingi hatanii na wateja, anavunja sheria. Na maandishi ya dukani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi hayamwondolei wajibu wake kwa bidhaa isiyofanya kile kilichoahidiwa.

Shirika la Viwango Tanzania, TBS, husimamia ubora na usalama wa bidhaa, na lina ofisi ya Kanda ya Ziwa Mwanza. Malalamiko kuhusu huduma ya umeme yenyewe, kama vile mita, huanzia ofisi ya TANESCO, na yasipopata ufumbuzi hupelekwa EWURA.

Sheria hiyo hutembea na ushahidi. Mnunuzi asiye na risiti, asiye na boksi na asiyejua jina la duka ana kilio tu. Aliyenunua minadani kwenye gari lililoondoka jioni ileile ana kazi ngumu zaidi.

Mambo ya kufanya

Mnunuzi anashauriwa kufuata hatua zifuatazo.

Kwanza, asikubali asilimia. Asilimia 50 ya nini, na ikilinganishwa na kifaa gani? Aombe jibu kwa uniti: kifaa hiki hutumia uniti ngapi kwa siku? Muuzaji asiyeweza kujibu hajui anachokisema.

Pili, asome kibandiko cha kifaa chenyewe, apige hesabu ya wati mara saa, na ajumlishe na matumizi aliyonayo. Aangalie kama jumla inabaki chini ya 75.

Tatu, aombe risiti ya EFD yenye jina la bidhaa, na ahadi kubwa iandikwe juu yake kwa mkono wa muuzaji. Mara nyingi ahadi hunywea kalamu inapotolewa. Boksi litunzwe.

Nne, apime. Mita nyingi zina taa ndogo inayopepesa, na pembeni imeandikwa idadi ya mipepeso kwa kilowati-saa, kwa mfano imp/kWh 1000. Maana yake, taa ikipepesa mara 1,000, uniti moja imetumika. Vifaa vyote vikizimwa na kuachwa birika la umeme la wati 1,000, taa itapepesa takribani mara 50 kwa dakika tatu. Anayeuza kiboksi cha kupunguza asilimia 40 achomeke kiboksi chake hapo, maji mengine yakiwa yanachemka kwa dakika tatu nyingine. Ikiwa anasema kweli, mipepeso itashuka hadi 30. Jaribio hilo halina gharama, na hakuna sababu ya mwuzaji mwaminifu kulikataa. Kwa friji, mita isomwe saa ileile ya siku kwa siku saba kabla ya kununua na siku saba baada ya kununua, kisha uniti zilinganishwe.

Mita isifunguliwe wala kuguswa nyaya zake kwa sababu yoyote. Anayejitolea kupunguza umeme kwa kuichezea mita anamwalika mwenye nyumba katika kosa la jinai na katika hatari ya moto.

Tano, anayeona amedanganywa atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, au kwa Afisa Biashara wa Halmashauri, akiwa na risiti, boksi na kumbukumbu za mita, ili aelekezwe namna ya kufikisha lalamiko lake FCC au TBS. Mlalamikaji mmoja husikika. Walalamikaji kumi wa kata moja wenye kumbukumbu za aina moja husikika zaidi.

Neno kwa wafanyabiashara

Wafanyabiashara wa Maswa wengi hurudia maneno waliyopewa na wauzaji wa jumla bila kujua kama ni ya kweli. Sheria hata hivyo inamtazama aliyesema kwa mteja. Duka linaloandika kwenye kila friji uniti zake kwa siku na kwenye kila taa lumeni zake litapata jambo ambalo tangazo la kipaza sauti haliwezi kununua, nalo ni mteja anayerudi na kumleta jirani.

Ndugu wananchi, mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la umeme wa kaya linahitaji mistari mitatu tu: tarehe, uniti zilizobaki, na kifaa kipya kilichoongezwa. Kaya inayoliandika kwa miezi miwili itajua kifaa kipi kinaila na kipi kinaisaidia. Siku muuzaji atakapokuja na boksi jipya na asilimia mpya, daftari hilo litakuwa mezani, na mazungumzo yataanzia hapo.